Injini iliyopitia mlango wa nyuma

Desemba 2023, kiwanda cha Brampton nchini Kanada kilitoa Dodge Challenger ya mwisho yenye injini ya V8. Wapenzi wa magari ya misuli ya Marekani wakaomboleza kama waliofiwa, na wana haki. Ila kwenye matanga hayo lilitajwa kwa nadra jina la Pontiac, ambako mkasa huu ulianza miaka 60 kabla, kwa ujanja wa makaratasi.

General Motors, kampuni mama ya Pontiac, ilikuwa na katazo: gari la ukubwa wa kati lisipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani lita 5.4. Mhandisi mkuu wa Pontiac, John DeLorean, pamoja na Bill Collins na Russ Gee, waligundua kwamba injini ya inchi 389 ya magari makubwa inaingia kwenye Tempest, gari lao la ukubwa wa kati, bila taabu. Wakauona na mwanya: katazo lilihusu modeli mpya, halikugusa vifaa vya nyongeza. Hivyo GTO ya 1964 iliingia sokoni kama alama ya kalamu kwenye fomu ya kuagizia Tempest LeMans, kwa nyongeza ya karibu dola 300.

Yenye kabureta moja ilitoa nguvu za farasi 325. Aliyetaka zaidi aliagiza Tri-Power, kabureta tatu zilizopangwa mstari mmoja: kwa mwendo wa kawaida inafanya kazi ya katikati peke yake, dereva akikanyaga mafuta hadi chini, za pembeni nazo zinafunguka. Hapo zinapatikana farasi 348. Idara ya mauzo ilikadiria magari 5,000. Yaliuzwa 32,450.

Kisha likaja la jarida la Car and Driver. Toleo la Machi 1964 liliipambanisha Pontiac na Ferrari GTO, ambayo jina lake lilikopwa. Ferrari yenyewe haikupatikana kwa majaribio, lakini Pontiac ilitajwa kufika maili 60 kwa saa katika sekunde 4.6, na nchi nzima ikaduwaa. Miongo mitatu ikapita kabla Jim Wangers, mtu wa matangazo ya Pontiac, hajakiri: chini ya boneti mlikuwa na injini ya inchi 421, inayofanana na 389 kwa nje kama pacha. Funika kombe mwanaharamu apite. Inasikitisha, kwa sababu 389 ilikuwa injini nzuri isiyohitaji kubebwa na uongo.

Baadaye Chrysler walileta injini ya Hemi ya inchi 426 kwa magari ya barabarani mwaka 1966, na Chevrolet wakafikia farasi 450 kwa Chevelle ya 1970. Gharama za bima, sheria ya hewa safi na uhaba wa mafuta wa 1973 vikazima moto huo. Pontiac yenyewe ilifungwa mwaka 2010.

Ujanja wa DeLorean umeacha deni. Kwa kuwa GTO za 1964 na 1965 zilikuwa nyongeza tu, namba ya chasisi haizitofautishi na LeMans ya kawaida, na walaghai wanabandika nembo na kuuza kwa bei ya GTO halisi. Kumbukumbu za kiwanda zimehifadhiwa, na nakala zake zinapatikana. Mnunuzi adai karatasi hiyo kabla hajafunguliwa boneti, asije akauziwa mbuzi kwenye gunia.