Askofu Ana Sikukuu Yake, Shemasi Alirudisha Msafara

Abiria anayeshuka Kengeleni, Kisauni, hana muda wa kuutazama mnara mdogo wa kengele ulio kando ya barabara, ingawa ndio ulioipa stendi jina lake. Ni masalia ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society) mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa majahazini. Hapo ndipo alipofikia James Hannington Januari 1885, askofu ambaye Kanisa la Uingereza humkumbuka kila tarehe 29 Oktoba kama shahidi wa imani.

Tarehe 31 Mei alimpa ushemasi William Jones, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akaokolewa, akasomeshwa India na kurejea pwani mwaka 1864. Julai wakaondoka pamoja kituo cha misheni cha Rabai na wapagazi wapatao 200, kuelekea Buganda kwa njia ya Umasaini.

Njia ilikuwa ya mkato, lakini wakati wake ulikuwa mbaya. Mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wakinyakua ardhi ya pwani, na Waganda waliamini kwamba atakayewateka angetokea mashariki kupitia Busoga. Hannington alimwacha Jones Mumias na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu kama 50. Akakamatwa Busoga, akafungiwa kibandani siku nane akiugua homa. Aliendelea kuandika shajara. Siku ya mwisho alitaja fisi aliyelia karibu usiku. Kabaka Mwanga wa Buganda alikwishatoa amri auawe. Askofu akauawa pamoja na wapagazi wake. Wanne tu ndio waliosalimika.

Kalenda ya kanisa huishia hapo. Kwangu mimi, mwendo wa kurudi unastahili zaidi kusimuliwa. Shemasi Jones alipata habari, akasubiri uhakika, kisha akawarejesha watu waliobaki hadi pwani, mamia ya maili, bila mkubwa wake. Tarehe 4 Februari 1886 waliingia Rabai wakitanguliwa na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi: utukufu umeondoka.

Mifupa ya Hannington ilizikwa Namirembe mwishoni mwa 1892. Jones alirudia kazi yake Rabai, ambako watumwa watoro walizidi kukimbilia na mabwana zao wa Mombasa wakawadai kwa vitisho. Mwanzoni mwa 1889, kampuni ya IBEA (Imperial British East Africa) iliwalipa mabwana hao fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni za jirani wakapewa hati za uhuru.