Kumlilia Mwandishi na Kumsoma

Mila zetu hutufundisha kumtaja marehemu kwa wema. Watu wakusanyikapo matangani, husomwa wasifu wake: mwaka aliozaliwa, elimu aliyoipata, kazi alizozishika na jamaa aliowaacha. Mila hii ni njema, kwa kuwa huwafariji wafiwa na kumpa marehemu heshima yake. Lakini ikiwa marehemu alilitumikia taifa kwa fikra zake, wasifu wa namna hiyo hautoshi. Tukimsifu bila kuyataja mabishano aliyoyazusha, tunayazika mawazo yake pamoja naye.

Tumtazame Euphrase Kezilahabi, aliyefariki dunia Januari 2020. Alizaliwa mwaka 1944 huko Namagondo, Ukerewe. Akafundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye katika Chuo Kikuu cha Botswana. Hayo yote ni kweli, lakini hayatuelezi kwa nini jina lake lingali likitajwa.

Mwaka 1971 ilitoka riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, isimuliayo habari za msichana aliyelelewa kwa ukali na baba yake, asijue kujilinda alipokuwa mbali na macho ya wazazi. Wako walioiona kuwa ni aibu, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Mwaka 1974 ikafuata diwani ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Kanuni za vina na mizani zilikuwa zimeelezwa na Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, na washairi wengi walizihesabu kuwa ndizo uhai wa ushairi wenyewe. Mabishano yakawaka kwa miaka mingi. Waliompinga hawakuwa wajinga, kwani walilinda urithi wa karne nyingi. Naye hakuwa mharibifu, bali alitaka lugha ya kila siku ibebe fikra nzito.

Yafaa ikumbukwe kwamba Kezilahabi mwenyewe alituonyesha namna ya kumuenzi mtangulizi. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Mwaka 1976, Kezilahabi alikamilisha tasnifu ya chuo kikuu juu ya Shaaban Robert akiwa mwandishi wa riwaya. Hakutosheka kumwita mwandishi mkubwa. Alizisoma kazi zake na kuzichambua.

Basi, mwalimu awaelezapo wanafunzi habari za marehemu huyu, asikomee kwenye tarehe. Na awape shairi moja la Kichomi na jingine la Amri Abedi, kisha awaache wajadiliane. Darasa likigawanyika, na baadhi yao wakasema kuwa Kezilahabi alikosea, hawatakuwa wamemvunjia heshima. Watakuwa wamemsoma, na hilo ndilo deni ambalo kila msomaji anadaiwa na mwandishi aliyetangulia.