Dashibodi inayong'aa humpofusha dereva

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo wapo watu wenye macho mazima ambao kila jioni, kwa muda wa nusu saa hivi, hawaoni sawasawa. Hao ni madereva wanaopandisha kutoka Mto wa Mbu kwenda Rhotia, Karatu na hatimaye lango la Lodoare la Ngorongoro. Wao wanaelekea magharibi, na jua nalo linashuka magharibi. Wiki hii mazungumzo yetu yanahusu mng'ao wa jua ndani ya gari: kwenye kioo cha mbele, juu ya dashibodi, na katika skrini ambazo siku hizi zimechukua nafasi ya redio na geji.

Huenda mtu akauliza, pana haja gani ya kupoteza muda kwa jambo dogo kama hilo? Tupige hesabu. Gari linalotii kibao cha kilometa 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akikodolea macho skrini iliyofifia kwa sekunde mbili tu, amekwishakwenda mita 28 bila kutazama mbele. Ndani ya mita hizo 28 ndimo anamovuka mtoto anayetoka shule, mama aliyejitwisha mzigo akitoka mnadani, au mchungaji na ng'ombe wake. Jambo hilo si dogo hata kidogo.

Sasa turudi nyuma kidogo katika historia, maana usione vyaelea, vimeundwa. Dashibodi ilizaliwa kabla ya gari la injini. Huko Ulaya na Marekani ulikuwa ni ubao uliosimamishwa mbele ya mwendeshaji wa gari la farasi, ili kumkinga na matope na kokoto zilizorushwa na kwato. Magari ya injini yalipoanza kutengenezwa mwishoni mwa karne ya 19, farasi aliondoka lakini ubao ulibaki. Ukageuzwa kuwa mahali pa kubandika geji za mwendo, mafuta na joto la injini. Ubao uliozaliwa kwa ajili ya kuzuia matope ukawa na adui mpya, naye ni mwanga.

Wazee wa Karatu na Ngorongoro wanaikumbuka Land Rover, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1948. Kioo chake cha mbele kilisimama karibu wima, na kingeweza hata kulazwa juu ya boneti. Dashibodi yake ilikuwa fupi, na geji zilikaa katikati, jambo lililorahisisha kuliuza gari hilo katika nchi zinazoendesha kushoto na zinazoendesha kulia. Katika gari la namna hiyo tabu ya dereva ilikuwa vumbi jekundu la kiangazi na utelezi wa masika. Mng'ao wa dashibodi haukumsumbua sana, kwa kuwa kioo kilichosimama wima hakimrudishii dereva sura ya dashibodi machoni.

Mwaka 1971 ilitoka Land Rover ya Series III, na geji zikahamia mbele ya dereva. Kwa wakati huo watengenezaji wengi wa magari walikuwa wamekwisha kujifunza kuzizamisha geji ndani kidogo na kuziwekea kikofia juu. Kikofia hicho hufanya kazi ile ile ya kiganja tunachokiweka juu ya paji la uso tunapotazama mbali. Dashibodi nayo mara nyingi ilipewa rangi nyeusi au ya kijivu isiyong'aa. Watu hao hawakukosa rangi za kupendeza. Walijua kwamba kilicho mbele ya dereva hakitakiwi kushindana na barabara.

Baadaye vioo vya mbele vikaanza kulazwa ili gari likate upepo na kupunguza mafuta, na dashibodi zikawa pana kama meza. Hapo ndipo kisa kilipoanza upya. Kioo kilicholala juu ya meza pana huwa kama kioo cha kujitazamia: karatasi nyeupe ukiiweka juu ya dashibodi, unaiona ikielea barabarani.

Wanasayansi walianza kuuchunguza mwanga wa namna hiyo zamani. Mwaka 1808, mjini Paris, Mfaransa aitwaye Étienne-Louis Malus alitazama kwa kipande cha fuwele jua lililokuwa likirudishwa na madirisha ya jumba la Luxembourg. Alipoizungusha fuwele, mwanga ule ulibadilika nguvu. Akagundua kwamba mwanga unaorudishwa na kioo una mpangilio wake, tofauti na mwanga unaotoka moja kwa moja kwenye jua. Karne moja na ushei baadaye, mwaka 1929, Mmarekani Edwin Land aliomba hataza ya utando wa plastiki unaoweza kuchuja mwanga wa aina hiyo. Ndoto yake ilikuwa kuondoa adha ya taa za magari yanayopishana usiku. Viwanda vya magari havikuikubali, lakini utando wake ukazaa miwani ya jua ya polaroidi.

Wengine walikishughulikia kioo chenyewe. Kioo cha kawaida hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso. Mwaka 1935 Alexander Smakula, akifanya kazi katika kampuni ya Zeiss huko Ujerumani, alibuni njia ya kukipaka kioo utando mwembamba sana unaopunguza mwanga unaorudi. Mwaka 1938 Katharine Blodgett, mwanamke mwanasayansi wa kampuni ya General Electric ya Marekani, naye alionyesha kioo ambacho karibu hakirudishi mwanga kabisa. Lenzi za kamera na darubini wanazoning'iniza shingoni watalii wa Ngorongoro zinatumia utando wa ukoo huo.

Ndipo ikaingia skrini. Mwaka 1981 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa chombo cha kumwongoza dereva kilichotumia skrini kama ya televisheni, na ramani zilizochorwa kwenye plastiki angavu zikapachikwa juu yake. Mwaka 1986 Buick ya Marekani iliweka ndani ya gari skrini ya kugusa kwa kidole. Kwetu sisi, skrini nyingi ziliingia na magari yaliyotumika kutoka Japani, nyingine zikiendelea kumsemesha Kijapani mwenye gari hapa Tanzania. Kisha ikaja simu inayobandikwa juu ya dashibodi, ikiwa na ramani. Wahandisi waliokuwa wameficha geji chini ya kikofia sasa waliweka skrini peupe, bila kofia.

Basi turudi barabarani, kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro. Jua humsumbua dereva kwa namna tatu. Kwanza, jioni akielekea Karatu, na asubuhi akirudi upande wa Arusha, jua liko usoni. Mboni za macho husinyaa kujikinga, na kwa sababu hiyo skrini huonekana nyeusi hata kama inawaka vizuri. Pili, jioni akitoka Serengeti kuja langoni, jua liko kisogoni. Miali hupita dirisha la nyuma na kutua juu ya skrini yenyewe, ikafuta kila kilichoandikwa. Tatu, ndani ya kreta mchana, paa la gari la watalii huwa limeinuliwa na mwanga unaingia kutoka juu, huku weupe wa magadi kando ya Ziwa Magadi ukimulika kutoka ubavuni. Tena magari yote hutakiwa yawe yametoka kreta kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo haraka ya dereva na ukali wa jua hukutana katika saa zile zile.

Dawa ya hayo, kwa bahati nzuri, haihitaji fedha nyingi. Ya kwanza ni kivuli: kofia ndogo ya plastiki au hata ya boksi jeusi juu ya skrini, iliyofungwa imara isizibe barabara. Ya pili ni kuigeuza skrini kidogo, kuiongezea mwanga mchana, na kubandika juu yake utando usiong'aa unaouzwa kwa ajili ya simu na skrini. Ya tatu ni kufuta vumbi na mafuta upande wa ndani wa kioo cha mbele, kwani kila chembe ya vumbi la Karatu ikipigwa na jua la jioni huwaka kama taa ndogo. Ya nne ni miwani. Hapo pana tahadhari: skrini nyingi zina ndani yake utando wa ukoo ule ule wa Edwin Land, na ukivaa miwani ya polaroidi zinaweza kuonekana nyeusi. Ijaribu kabla ya safari, uinamishe kichwa huku na huku. Na lililo bora kuliko yote ni kusoma ramani kabla ya kuondoka.

Lipo jambo la tano, nalo ndilo linalonisikitisha. Pita mahali popote pa kuoshea magari katika miji yetu. Kijana akimaliza kuosha, humalizia kwa kupaka dashibodi mafuta ya kung'arisha mpaka iwake kama kiatu cha askari wa gwaride, na mwenye gari hutabasamu na kuongeza bakshishi. Kazi ya miaka mingi ya kuifanya dashibodi ising'ae inafutwa kwa dakika tano. Tunachanganya usafi na mng'ao. Dashibodi safi ni ile iliyofutwa kwa kitambaa chenye maji kidogo, ikaachwa ikauke, basi. Kitambaa cheusi kizito kilichotandikwa juu yake, kama wanavyofanya madereva wengi wa malori, kina akili kuliko mafuta hayo, mradi kisifunike mfuko wa hewa.

Kwa hiyo, ndugu wenye magari, mwambieni anayewaoshea aache mafuta yake kwenye kopo. Na ninyi madereva, likiwa usoni jua hilo, punguzeni mwendo. Halitazami chapa ya gari wala cheo cha abiria, na kwa nchi yetu iliyo karibu na ikweta huzama upesi. Dakika chache za subira zinatosha, na mtoto wa Rhotia atavuka salama kwenda kwao.