Msingi wa Kuinua: Tangu Tembe hadi Zege

Mgeni afikaye Kwihara, karibu na mji wa Tabora, huonyeshwa tembe lililojengwa upya kwa mfano wa lile walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Wengi hutazama kuta nene za udongo na dari lililo bapa. Sisi leo twataka kutazama chini, pale ukuta ukutanapo na ardhi, kwani hapo ndipo nyumba za Unyamwezi zilipoanzia kufa.

Tembe la kale lilisimama juu ya nguzo zilizochimbiwa ardhini, likakandikwa udongo, na juu yake likatandazwa udongo tena. Lilikuwa ngome njema: kuta zilizungukia ua, na milango ilikuwa michache. Walakini lilikuwa na maadui wawili wasiozuiliwa na mlango, yaani maji na mchwa. Mvua za Novemba hadi Aprili zililowesha kitako cha ukuta, na mchwa wakapanda ndani ya nguzo pasipo kuonekana. Tembe likichakaa, watu walijenga jingine. Miti na udongo havikununuliwa, basi hasara ilikuwa ni jasho tu.

Je, zege lingaliweza kuletwa zamani zile? Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba: siku zaidi ya 130. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70. Mfuko mmoja wa saruji wa siku hizi, wa kilo 50, ungalimshinda. Na nani angalibeba saruji, hali pembe, nguo na shanga ndizo zilizolipa? Hata matajiri wa Kiarabu walijenga kwa udongo, ingawa baraza zao zilikuwa pana.

Reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912, na tangu hapo vitu vizito viliweza kufika. Ndipo kuinua nyumba kwa mawe na saruji kulipowezekana, kwanza kwa serikali na wenye mali, kisha polepole kwa watu wengine.

Kazi yenyewe ni hii. Mtaro huchimbwa hata udongo mgumu, humwagwa zege, kisha hujengwa ukuta mfupi wa mawe au tofali ngumu kufikia kimo kitakiwacho. Ndani hujazwa kifusi. Hapa ndipo mafundi wengi wavivu huharibu: hujaza kwa siku moja na kupiga juu juu. Kifusi sharti kitiwe tabaka kwa tabaka, kama inchi sita kila moja, kilowanishwe kidogo na kushindiliwa. Kisiposhindiliwa, hushuka baadaye, na sakafu hubaki ikining'inia mpaka ipasuke. Juu yake hupangwa mawe, kisha karatasi ya kuzuia unyevu, na mwisho zege la kama inchi nne. Zege hilo linyweshwe maji muda wa siku saba, kwani likikaushwa na jua upesi huwa dhaifu.

Msingi wa namna hii hauwaui mchwa. Huwalazimisha kujenga njia zao za udongo nje ya ukuta, mahali ambapo mwenye nyumba aziona na kuzibomoa. Lakini ufa mmoja katika sakafu huwapa njia ya siri tena, na hapo ndipo kifusi kibaya hulipiza.

Mtu ajengaye Ipuli leo, je, ainue kiasi gani? Kwenye mwinuko wenye udongo mgumu, inchi sita au nane juu ya ardhi zatosha, na wazee watashukuru kwa kukosa ngazi. Mahali maji yatuamapo, atazame alama za mvua kubwa, aulize majirani waliokaa muda mrefu, na sakafu yake iwe juu ya alama hizo. Aghalabu ni futi moja na nusu au mbili. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, kimo peke yake hakifai kitu: msingi wahitaji kwenda chini zaidi na kutiwa vyuma, na yafaa mhandisi aulizwe kabla ya jembe la kwanza. Fedha ikiwa haba, apunguze chumba kimoja.