Mionzi ya Angani: Inatufanyia Nini Sisi Viumbe?

Kila baada ya muda huzunguka ujumbe kwenye simu zetu, Maskati, Dubai mpaka London, kuwa usiku wa leo mionzi ya angani itapita karibu na dunia, basi zima simu na usilale nayo. Ujumbe huo ni uzushi. Mionzi yenyewe lakini ni ya kweli, haina usiku wake maalumu, na inakupita hivi sasa unaposoma. Mimi ni karani mstaafu, si daktari. Fizikia niliyonayo ni ile ya shule ya misheni na niliyojisomea baadaye. Nieleze kwa ufupi.

Mionzi hii ni chembe ndogo mno, nyingi zikiwa protoni, zinazotoka juani na kwenye nyota zilizoripuka mbali sana. Aliyeigundua ni Victor Hess wa Austria. Zamani ilidhaniwa kuwa mionzi yote inatoka ardhini, lakini mwaka 1912 Hess alipanda puto hadi kiasi cha mita 5,300 akaona kuwa huko juu inazidi. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Dunia ina mapaa mawili ya kutukinga. La kwanza ni nguvu yake ya sumaku, inayozipindisha chembe nyingi, na kinga hiyo ni kubwa zaidi karibu na ikweta kuliko kwenye ncha za dunia. La pili ni hewa. Chembe ikigonga hewa huzaa nyengine ndogo ndogo, na chache tu hufika chini. Baadhi hugeuza naitrojeni ya hewani kuwa kaboni-14, ambayo mimea huivuta nasi tukaila. Kwa kuipima hiyo, wataalamu hujua umri wa mbao na mifupa ya kale.

Chembe ikipita ndani ya seli huweza kukata uzi wa DNA, ama kwa kuugonga wenyewe, ama kwa kuyavunja maji ya seli yakatoa kemikali kali. Mara nyingi seli hujitengeneza, au hufa. Khatari ni ile iliyojitengeneza vibaya ikabaki hai, kwani miaka baadaye inaweza kuzaa saratani.

Sasa tuje kwenye vipimo. Kwa wastani mtu duniani hupata milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka vyanzo vyote vya asili, na mionzi ya angani ni kiasi cha 0.4 tu. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya gesi ya radoni itokayo ardhini.

Tunaosafiri kila mwaka kwenda Unguja kuwaona jamaa, tufanye hesabu ya karani. Kwenye kimo cha ndege ya abiria kiasi huwa maikrosiverti chache kwa saa, na maikrosiverti 1,000 ni milisiverti moja. Tuchukue 5 kwa saa, ingawa njia yetu iko karibu na ikweta na hupata pungufu kuliko ile ya London na New York. Kwenda na kurudi, saa 12, ni maikrosiverti 60, yaani fungu moja katika 40 ya tunachopata kwa mwaka tukiwa nyumbani. Abiria hana la kukhofia.

Anayeruka saa 800 kwa mwaka, kwa hesabu hiyo hiyo, hufikia milisiverti 4. Ndiyo maana tangu mwaka 1990 Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi imeshauri marubani na wahudumu wa ndege wahesabiwe kama wafanyakazi wa mionzi. Kikomo chao ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka. Lakini mfanyakazi akiwa mjamzito, mtoto aliye tumboni asizidishiwe milisiverti 1 kwa muda wote uliobaki, na hiyo hufikiwa kwa saa 200 za kuruka.

Kwa hivyo wenye mabinti wanaofanya kazi ndegeni, waambieni: siku ile ile akijijua ni mjamzito, aiarifu kazini, wala asingoje tumbo lionekane. Na ule ujumbe wa usiku wa manane, ukikufikia, ufute.