Kuku wa Kienyeji na Joto la Pwani

Katika pwani ya Afrika Mashariki, miezi ya kaskazi, yaani upepo wa kaskazini-mashariki unaotawala tangu Desemba hadi Machi, ndiyo miezi ya joto kali kuliko yote, na ndiyo miezi ambayo mfugaji wa kuku wachache wa uani hukuta viota vitupu siku baada ya siku. Hali hiyo, ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa dalili ya ugonjwa au ya kuku aliyezeeka, haieleweki vyema bila kurejea asili ya ndege huyu, njia zilizomfikisha pwani, na mabadiliko ya kile ambacho watu walimtaka awape.

Kuku wa kufugwa ametokana na kuku mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, na mifupa ya kale zaidi ambayo watafiti wengi huikubali kuwa ya kuku aliyefugwa ilipatikana Ban Non Wat, nchini Thailand, nayo ni ya kati ya mwaka 1650 na 1250 K.K. Kuku mwitu huishi katika kivuli cha vichaka na mianzi, hutaga mayai machache kwa msimu wake, kisha huacha kutaga ili aatamie na kulea vifaranga. Kwa hiyo mtetea wa uani amerithi mambo mawili: kupenda kivuli, na uwezo wa kusimamisha utagaji pale hali ya nje inapoufanya kuwa mzigo kwa uhai wake.

Ushahidi wa kufika kwake pwani umetokana kwa sehemu na uchimbaji wa mambo ya kale katika Unguja Ukuu, mji wa biashara uliostawi kusini mwa kisiwa cha Unguja tangu karibu karne ya 7 B.K. Kwa kuwa mifupa ya kuku hufanana mno na ya kanga na kwale, ambao ni ndege wa Afrika, wataalamu walilazimika kuchunguza protini iliyobaki ndani ya mifupa ili kuwatenganisha, na matokeo yalithibitisha kwamba kuku walikuwapo katika milenia ya kwanza B.K., wakati biashara ya Bahari ya Hindi ilipokuwa ikikua. Uchunguzi wa vinasaba, yaani chembe za urithi, unaonyesha pia kwamba kuku wa Afrika Mashariki hawakutoka katika ukoo mmoja, bali waliingia kwa nyakati na njia zaidi ya moja, wengine wakiwa na asili ya Bara Hindi na wengine ya mashariki zaidi ya Asia. Upepo wa kaskazi, ambao leo huambatana na msimu wa viota vitupu, ndio uleule uliosukuma vyombo vya baharini kutoka Arabuni na Bara Hindi hadi pwani hii.

Katika karne zilizofuata, joto lenyewe lilikuwa mchaguzi mkali. Kuku wa kishingo, ambaye shingo yake haina manyoya, hubeba manyoya pungufu kwa hadi asilimia 40 na hivyo hupoteza joto kwa urahisi, na kidimu, mwenye manyoya yaliyojikunja na kusimama, hupitisha hewa hadi kwenye ngozi. Kuchi, kuku mrefu wa mapigano anayejulikana sana Lamu, ana miguu mirefu na manyoya machache yanayobana mwili.

Sababu ya uchaguzi huo imo katika maumbile. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi na hauna tezi za jasho, kwa hiyo hewa inapozidi nyuzi 30 hivi, mtetea hutanua mbawa, hujichimbia udongoni chini ya mti na kuhema kwa mdomo wazi, huku damu nyingi ikielekezwa kwenye ngozi, undu na ndevu na kupungua katika ovari, kiungo kinachokuza viini vya mayai. Kuhema huko hutoa hewa ukaa kupita kiasi, damu hupungukiwa na asidi, na madini ya kalsiamu yanayoweza kutumika hupungua. Ganda la yai moja huhitaji takriban gramu 2 za kalsiamu na saa 20 hivi za kujengwa, na kwa sababu kuku mwenye joto hula kidogo ili tumbo lisiongeze joto jingine, mayai huwa madogo na yenye ganda jembamba kabla ya kukoma kabisa.

Vitabu vya ufugaji vilivyotoka Ulaya vilisisitiza zaidi mwanga, kwa kuwa kuku wa huko huacha kutaga siku zinapokuwa fupi wakati wa baridi. Lakini karibu na ikweta mchana huwa wa saa 12 hivi mwaka mzima, na hapa joto na chakula ndivyo vinavyoamua zaidi. Matarajio ya watu nayo yalibadilika katika karne ya 20, kuku wa kizungu kama vile Light Sussex na Rhode Island Red walipoletwa. Kuku wa kienyeji, ambaye hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka katika mikupuo mitatu au minne, alikuwa amefugwa kwa ajili ya vifaranga, mgeni na sherehe, lakini sasa alipimwa kwa hesabu ya mayai. Mwaka 1976 Kenya ilianza mpango wa kitaifa ambapo wafugaji walibadilishana majogoo wa kienyeji kwa wale wa kizungu. Aidha, mabati yalipochukua nafasi ya makuti juu ya mabanda mengi, kuku alinyimwa ubaridi aliokuwa akiupata bila gharama.

Historia hii inamdai mfugaji haki kwa ndege wake. Mtetea anayeacha kutaga wakati wa kaskazi analinda uhai wake kwa njia iliyomvusha karne nyingi, na kumchinja kwa sababu hiyo ni kupoteza mbegu iliyokwisha kujaribiwa na jua. Kinachompasa ni kupewa kivuli, maji ya baridi yanayobadilishwa mara kwa mara, na chakula alfajiri na jioni. Na vilevile kishingo na kidimu wanastahili kuhifadhiwa kwa bidii ileile inayotumika kuagiza mbegu za kigeni, kwa kuwa joto linapoendelea kuongezeka duniani, urithi wao utahitajika hata mbali na pwani.