Kesi ya Mwamwindi

Kesi ya Mwamwindi (Jamhuri dhidi ya Saidi Mwamwindi) ni shauri la mauaji lililosikilizwa na Mahakama Kuu mjini Iringa mwaka 1972, mbele ya Jaji Onyiuke. Mshtakiwa alikuwa mkulima wa Isimani. Aliyeuawa ni Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa. Wengi huikumbuka kama kesi ya siasa ya ujamaa. Kwa wanasheria, ni kielelezo cha jinsi adhabu ya lazima inavyomnyima jaji nafasi ya kupima mazingira ya kosa.

Tukio

Isimani iko kaskazini mwa mji wa Iringa, kando ya barabara ya Dodoma. Wakulima wa Isimani walikuwa wakilima mahindi kwa matrekta katika mashamba makubwa ya binafsi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilitaka mashamba hayo yageuzwe kuwa ya vijiji vya ujamaa, na Klerruu alilisimamia jambo hilo kwa ukali. Tarehe 25 Desemba 1971 alimkuta Mwamwindi shambani kwake. Wakajibizana, na Mwamwindi akampiga risasi. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la marehemu, akaliendesha mwenyewe hadi polisi Iringa na kujisalimisha.

Hoja mahakamani

Kwa kuwa mshtakiwa alijipeleka mwenyewe, ubishi haukuwa juu ya nani aliyeua. Utetezi ulisimama juu ya ugonjwa wa akili na kuchokozwa. Chini ya Kanuni ya Adhabu, anayeua kwa hasira ya ghafla baada ya kuchokozwa, kabla hasira hiyo haijapoa, ana hatia ya kuua bila kukusudia. Uchokozi wenyewe hupimwa kwa mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa: mkulima wa Isimani hapimwi kwa kipimo cha karani wa London. Mahakama ilizikataa hoja zote mbili, ikamtia hatiani kwa kuua kwa kukusudia. Adhabu ilikuwa moja tu: kunyongwa hadi kufa.

Ulinganisho na Marekani

Sheria ya Marekani ilichota kanuni ya uchokozi kutoka chemchemi ileile ya Uingereza. Katika Maher dhidi ya People (1862), Mahakama ya Juu ya jimbo la Michigan ilisema kipimo ni hulka ya kawaida ya binadamu, na baraza la wananchi wa kawaida (jury) ndilo linaloamua. Tanzania ilikuwa na wazee wa baraza, lakini maoni yao hayakumfunga jaji.

Tofauti kubwa iko kwenye adhabu. Mwezi Juni 1972, mwaka uleule wa kesi ya Mwamwindi, Mahakama ya Juu ya Marekani katika Furman dhidi ya Georgia ilibatilisha hukumu za kifo zilizokuwa zikitolewa bila mwongozo. Majimbo kadhaa yakajibu kwa kuifanya adhabu hiyo kuwa ya lazima. Mwaka 1976, katika Woodson dhidi ya North Carolina, mahakama hiyo ikalikataa na hilo: kila mshtakiwa lazima atazamwe kama mtu, pamoja na mazingira ya kosa lake.

Athari

Jina la Klerruu lilipewa chuo cha ualimu mjini Iringa. Mjadala wa adhabu nao uliendelea: katika kesi ya Mbushuu (1995), Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikiri kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, lakini ikaona Katiba inairuhusu. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu kwamba kuilazimisha adhabu hiyo kunakiuka haki ya kuishi.

Hakuna tafsiri yoyote ya uamuzi huo inayohalalisha kuuawa kwa Klerruu. Mtumishi wa umma alipoteza uhai, na familia yake ilistahili haki. Lakini kumtia mtu hatiani ni jambo moja, na kuamua stahili yake ni jambo lingine. Iringa mwaka 1972, sheria ilimruhusu jaji kufanya la kwanza tu.